Kigoda cha Inverdallan na Mama Rachael wa Khuwair

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo popote mlipo, walio kazini na walio nyumbani. Karibuni kwenye saa yetu ya kuwataja waliotutoka. Mimi ni Brayo, na kama mnavyonijua, katika kipindi hiki tarehe hazikosewi. Wengine wanabahatisha. Sisi tunakumbuka. Ukitaka kunikamata na tarehe mbovu, utazeeka ukingoja.

Leo tunamkumbuka Mama Rachael Muthoni. Mama Rachael wa Khuwair ya Kusini. Alifariki Jumanne iliyopita, moyo ulisimama, akiwa na miaka hamsini na tisa. Alifika hapa Muscat mwaka elfu mbili na sita.

Joy, mtayarishaji wetu, yuko upande wa pili wa kioo, ananionyesha vidole vinne. Haya, elfu mbili na nne. Tuseme nimezeeka mapema.

Elfu mbili na nne, wasikilizaji, Rachael alishuka uwanja wa ndege wa Seeb na begi moja na sweta alilovaa kwa sababu huko Nyeri alikotoka kulikuwa na baridi. Hilo sweta lilimaliza kazi yake pale pale mlangoni. Akapelekwa Khuwair ya Kusini kumtunza bibi mmoja wa Kiskoti, mjane wa injinia, mwenye magoti mabovu na ulimi mkali.

Swali la kwanza la bibi lilikuwa: unajua kupika uji? Rachael akauliza, uji upi, wa wimbi au wa mahindi? Bibi akasema wa shayiri, utie chumvi, sukari usiguse. Rachael akamwambia, "Mama, huo si uji, hiyo ni adhabu." Bibi alicheka mpaka akatafuta kitambaa cha kufutia macho. Kuanzia siku hiyo walielewana.

Na kulikuwa na jambo jingine. Wote wawili walikuwa Wapresbiteri. Bibi alilelewa katika kanisa la parokia ya Inverdallan, kijiji cha wavuvi huko Uskoti. Rachael alilelewa katika kanisa la Presbiteri kule Nyeri. Zaburi za bibi na zaburi za Rachael zilikuwa na tuni moja. Basi kila alasiri, baada ya chai, bibi alisimulia habari za kanisa lake na Rachael akaandika. Alinunua daftari la kurasa mia mbili. Alilijaza, akanunua la pili.

Ngoja niwape kidogo yaliyokuwemo, maana bila hayo hamtaelewa yaliyotokea.

Kanisa la Inverdallan lilijengwa mwaka elfu moja mia saba themanini na nane. Mawe yalitolewa ufuoni. Walioyabeba ni wanawake, migongoni, kwa vikapu vile vile walivyobebea samaki. Kuta zilikuwa nene kiasi kwamba mtu mzima angeweza kulala ndani ya dirisha. Mimbari haikuwekwa mwisho wa nyumba kama tulivyozoea. Iliwekwa katikati ya ukuta mrefu, na ilikuwa na mlango wake. Mchungaji akishapanda, mtumishi wa kanisa anamfungia. Bibi alisema walimfungia ili asitoroke kabla ya kumaliza mahubiri, au ili watu wasimfuate.

Wavuvi walikaa kushoto, wakulima kulia. Mwenye ardhi alikaa roshani, na ngazi yake mwenyewe nje, asije akagusana na mtu. Mwaka elfu moja mia nane hamsini dhoruba ilichukua paa lote. Majira mawili ya baridi waliabudu chini ya matanga ya mashua yaliyoshonwa pamoja. Walipojenga paa jipya, mwenye ardhi alitaka kubadilisha kengele pia, kwa sababu ilikuwa na ufa. Wavuvi wakakataa. Walisema hiyo sauti ya ufa ndiyo wanayoijua wakiwa baharini kwenye ukungu. Kengele ikabaki na ufa wake.

Rachael aliyajua haya yote kuliko anavyojua mtu mtaa wake. Sisi wenzake tuliokuwa tukiabudu naye Ijumaa tulimchokoza. Sisi tunasali kwenye ukumbi wa kugawana. Tukimaliza tunapanga viti haraka kwa sababu ibada ya Wafilipino inaanza. Tulimwambia, "Mama, unajua kanisa la watu lina madirisha mangapi, na sisi hatuna hata msumari wa kutundikia kalenda." Yeye anajibu, "Ndiyo maana natunza la watu. Langu sijapewa."

Siku moja Rachael naye akamwambia bibi jambo lake mwenyewe. Alikuwa hajamwambia mtu yeyote Muscat. Binti yake, Wambui, ameturuhusu tuliseme. Alisema kwa simu kutoka Nyeri jana, "Semeni yote. Mama ameshapumzika, hakuna wa kumwaibisha."

Rachael alipokuwa na miaka kumi na tisa alipata mimba ya Wambui bila ndoa. Wazee wa kanisa walimtenga na Meza ya Bwana. Na alipotaka kurudi ilibidi asimame mbele ya kanisa zima, na mtoto mgongoni, aungame. Baba wa mtoto alikuwa kwenye benchi la tatu, anaimba besi. Hakuna aliyemwambia ainuke. Hiyo ndiyo siri ya Rachael. Nairudia: mtu mmoja tu hapa Muscat aliijua, naye ni yule bibi.

Mwaka elfu mbili na kumi na tano binti ya bibi alikuja kumchukua mama yake, akamrudisha kwao. Rachael akapata kazi nyumba ya jirani, kwa Bi Nadra, kumtunza mama yake Bi Nadra. Wengi wenu mnamjua Bi Nadra, familia iliyotoka Unguja. Huko Uskoti bibi akafariki. Lakini binti yake hakuacha kumwandikia Rachael.

Miaka miwili iliyopita binti akaandika habari nzito. Kanisa la Inverdallan linafungwa. Wamebaki watu kumi na mmoja, na jengo limeuzwa kwa mtu anayetaka kulifanya nyumba ya likizo. Kutakuwa na ibada ya mwisho. Na wanaomba Rachael asome historia ya kanisa, kutoka Muscat, kwenye skrini. Kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyeiandika yote.

Wasikilizaji, msilichukulie jambo hili kirahisi. Wambui anasema mama yake alimpigia simu siku ile ile. Alimwambia, "Safari hii nitakaa mbele ya kanisa na hakuna atakayeniuliza nimefanya nini."

Binti akaahidi pia kutuma zawadi kutoka ndani ya kanisa lile, ibaki na sisi. Wiki moja kabla ya ibada sanduku likafika. Ndani mlikuwa na kigoda. Kigoda kirefu kidogo cha mti mweusi, miguu mitatu, kimelainishwa na kukaliwa. Hakikuwa na barua.

Wazee wetu wa kanisa wakakizunguka. Mzee Omondi, fundi seremala pale Wattaya, akakigonga kwa kidole, akakinusa. Akasema, "Kigoda hakipandi ndege hivi hivi. Kwetu kigoda ni cha mzee. Mtoto akikikalia anainuliwa kwa sikio." Wale wa kutoka Nyeri na Murang'a wakakubali, hata kwao ni hivyo hivyo. Kigoda ni heshima, mwenye kigoda ndiye mwenye neno. Mzee Omondi akakipiga msasa, akakipaka mafuta. Ikaamuliwa kwamba Rachael atasoma akiwa amekikalia. Rachael alikataa mara mbili, mara ya tatu akakubali. Akakishonea kitambaa cha kitani cheupe.

Sasa, maelezo ya kile kigoda yalikuwa yametumwa. Binti aliyaandika kwa ujumbe, kwenye simu ya mitambo ya kanisa, ile ya watu wa skrini na vipaza sauti, kwa sababu ndiyo namba aliyopewa. Lakini ujumbe ulichelewa. Ulifika Jumatatu, ibada ikiwa imepita. Mitambo ni mitambo, na mtandao wetu mnaujua. Narudia ili tuelewane: ujumbe ulichelewa.

Ibada ilikuwa Jumapili, saa nane mchana kwa saa zetu. Jumapili ni siku ya kazi hapa, lakini watu waliomba ruhusa. Kuna aliyemwambia mudiri wake kazini kwamba jino linamuuma. Tulijaa ukumbini. Skrini ikawashwa, tukaliona lile kanisa kwa macho: roshani, mimbari yenye mlango, watu kumi na mmoja wamevaa makoti ndani ya nyumba.

Rachael akakaa kwenye kigoda. Akafungua daftari. Akaanza na wale wanawake na vikapu vyao vya mawe.

Hakumaliza ukurasa. Kule ng'ambo walianza kunong'ona. Mtu akacheka, akanyamazishwa. Kisha mzee mmoja kiziwi, na viziwi mnajua wanavyonong'ona, akauliza kwa sauti iliyofika mpaka mlango wa ukumbi wetu: "Yule mwanamke amefanya nini hata wakamkalisha hapo?"

Mchungaji wao uso ulimwiva. Akalazimika kueleza. Kile kilikuwa kigoda cha toba. Zamani mwenye dhambi alikalishwa hapo mbele ya kanisa, Jumapili tatu mfululizo, watu wamtazame. Wengi wao walikuwa wasichana wenye mimba.

Rachael hakuinuka. Alitazama daftari. Akasoma dhoruba, akasoma matanga, akasoma kengele yenye ufa, mpaka neno la mwisho. Sauti ilikuwa ile ile. Kisha akainuka, akakunja kile kitambaa cheupe mara nne, akakitia mkobani. Mzee Omondi alimfuata nje, anamwita, "Mama, ni mimi niliyesema ni heshima, unilaumu mimi." Rachael akamwambia, "Wewe hukujua, baba. Aliyejua ni aliyekileta."

Hapo ndipo palipomuuma. Yeye alihesabu hivi, kama alivyomwambia Wambui: siri yangu aliijua bibi peke yake. Bibi amemwambia binti yake. Na binti ameniletea kiti changu.

Hakurudi kanisani. Binti wa bibi aliandika barua, Rachael hakuzifungua. Wambui amezikuta kwenye mizigo ya mama yake iliyorudishwa Nyeri, ndani ya kopo la biskuti, saba, gundi haijaguswa. Miaka kumi na moja alimlisha yule bibi, akamwogesha, akaandika maneno yake. Akafa akiamini kwamba bibi alimuuza.

Wasikilizaji wapendwa, tunatoa pole kwa Wambui na wajukuu huko Nyeri. Pole kwa Mzee Omondi, ambaye hadi leo hataki kukiona kile kigoda. Pole kwa Bi Nadra na nyumba yake yote. Na sisi tuliobaki tujiulize: ni nani tumemhukumu kwa jambo asilolifanya, na hatukumpa hata nafasi ya kujieleza? Tutafakari hilo pamoja, huku tukimwombea Mama Rachael.

Joy anasema kuna simu. Karibu, uko hewani.

"Assalaam alaykum, Brayo. Bi Nadra hapa."

"Waalaykum salaam, Bi Nadra. Pole sana, mama."

"Nshapoa. Nna neno dogo. Habari ya hicho kigoda mie nilikuwa siijui. Rachael hakunambia. Siku ile alirudi, akasema kanisa limemchosha, basi. Leo ndo naisikia, kwako."

"Ndiyo, mama. Ni habari ya kuhuzunisha."

"Umesema ule ujumbe umefika Jumatatu."

"Jumatatu, ndiyo. Ulichelewa."

"Sawa. Na wewe ndo ulikuwa unashika hiyo simu ya mitambo. Au nimekosea?"

"Nilikuwa… tulikuwa tunaishika kwa zamu."

"Mwanangu, siku kijana wangu Marwan alipochukua gari lake jipya Wattaya, mlikuja kula kwangu, wewe na yeye. Ilikuwa Alhamisi, maana nilipika biriani, na Alhamisi ndo siku yangu ya biriani. Ulikuwa na simu mbili juu ya meza. Nikakwambia zitoe, zisiingie mchuzi. Ukasema hii moja ya kanisa, niitazame vizuri. Unakumbuka?"

"Bi Nadra, muda wetu wa kipindi…"

"Muda upo. Ukamsomea Marwan kitu. Ukasema, kumbe ni kigoda cha wazinzi, na wazee wako wanakipiga msasa. Ukasema mwenyewe alokituma kaandika msikikalie. Mkacheka, Marwan akapaliwa, nikamgonga mgongo. Nikauliza, mnacheka nini nyie? Ukanijibu, si kitu, Bi Nadra, ngoja Jumapili."

"Mama, mimi nilidhani… nilidhani tutacheka wote. Yeye pia."

"Nimekusikia. Sasa nnakwambia usichokijua. Siku ile alokuwa jikoni ni yeye, Rachael. Anamsagia mama yangu uji. Mlango wazi. Hatua kumi, Brayo. Ungemwita tu."