Rafadha ya Hatua Fupi

Sogeeni, wanangu, na wewe Régis uache kusimama mlangoni kama tarishi anayesubiri sahihi, kaa. Mireille, chukua lile daftari langu la mapishi, huko nyuma kuna kurasa tupu, uandike ninavyosema na si unavyotamani mama yako angesema. Pumzi niliyobaki nayo ni kidogo na mambo ni mengi, na tangu asubuhi nimegeuka na kugeuka humu kitandani kama soseji kikaangoni, si kwa maumivu, maumivu tumeshazoeana, bali kwa kitu nilichokisikia dirishani.

Nimeisikia ndege ya baba yenu ikiunguruma uani, mkia umefungwa kamba kwenye ule mti wa mjozi, kama tulivyokuwa tukizifunga zote. Nimesikia mashine ikijikaza na kuguna, haifiki inapotakiwa ifike. Kisha Régis akaingia ananuka petroli, akasema, "Iko sawa, mama." Nikamuuliza, mizunguko mingapi? Akaniuliza kama kahawa imebaki. Mtu wa miaka hamsini na miwili. Basi nikajua siwezi kufa leo asubuhi kama nilivyokuwa nimepanga.

Nyumba na shamba siwagawii. Sheria ya nchi hii imeshawagawia kabla sijafungua mdomo, nusu kwa nusu, gombaneni kwa adabu. Kabati la bibi yenu ni la Mireille, maana Régis atalijaza makopo ya rangi. Kuku mpeni jirani, na jogoo mleni, ana roho mbaya na nyama ngumu, mpikeni kwa divai na msimhurumie. Niinulie mto, Mireille. Juu zaidi. Hapo. Kinachoninyima utulivu ni ndege, na katika ndege ni kitu kimoja tu, rafadha, lile panga la mbele linalokata hewa na kuivuta ndege nyuma yake. Kwa sababu Régis anataka kuruka kesho, na rafadha aliyoifunga ni ile iliyotundikwa juu ya kabati la chumba cha kulia tangu akiwa na miaka mitatu.

Najua unavyoipenda, Régis. Ni nzuri, sibishi. Baba yenu Lucien aliichonga kwa mbao za mjozi, akaipaka vanishi mara saba, na kwenye kitovu chake akagonga kwa chuma cha moto namba tisini na tano. Sikilizeni niwaeleze namba hiyo, maana nadhani Régis anaijua kama anavyojua sala, kwa kuikariri. Rafadha ina hatua, kama mtu. Kila ikizunguka mara moja hupiga hatua mbele hewani, na ile ya baba yenu hupiga sentimita tisini na tano. Mwenye hatua ndefu huwaacha wenzake kwenye tambarare. Ila mbebeshe gunia umpeleke kilimani uone. Kupaa ni kilima. Mashine yetu ni ndogo, ilitoka kwenye gari, na ikipewa hatua ndefu haiwezi kuzunguka upesi, na isipozunguka haitoi nguvu, na shamba letu lina mita mia tatu na themanini za kukimbilia, kisha ni ile miti mirefu, mipopla.

Lakini nani atamwambia mwanamume haya? Jumapili pale kwenye klabu ya ndege, kabla ya chakula, wakiwa na glasi mkononi, salamu yao ilikuwa, "Yako hatua ngapi?" kama wavulana nyuma ya ukuta wa shule. Mwenye sabini alijibu akitazama viatu vyake. Mwenye tisini na tano alijibu kabla hajaulizwa.

Sasa Mireille, hapa uandike vizuri, na usinitazame.

Mnajua kwamba baba yenu mdogo, Edmond, alianguka na ndege hapa shambani mwezi wa Agosti, miaka arobaini na tisa iliyopita, akiwa na miaka ishirini na sita. Mmeambiwa mashine ilizimika. Wilaya nzima iliambiwa hivyo, na aliyeitengeneza mashine ile ni Gaston Peyrol wa gereji ya njia panda, na watu walimtazama Gaston Peyrol mpaka akafunga gereji akahama. Mashine haikuzimika. Niliisikia mpaka kwenye mipopla. Ilikuwa inafanya kazi kama punda mwema aliyebebeshwa mzigo wa ngamia.

Baba yenu alichonga rafadha mbili kutoka ubao mmoja, pacha. Moja ndiyo hii iliyokuwa juu ya kabati. Nyingine ilikuwa ya Edmond, kwa mkutano wa ndege wa Moulins, ambako walitaka kumshinda mwanamume fulani kwa mwendo, jina lake nimelisahau, na hiyo ndiyo thamani ya mashindano. Mimi ndiye niliyekuwa nikipiga msasa. Miezi mitatu, wanangu. Baba yenu alikata umbo, mimi nikalainisha, tukaipima juu ya ncha ya kisu kama upande mmoja umezidi, tukapaka, tukakwangua, tukapaka, mpaka vidole vyangu vikapasuka kwa gundi nikawa siwezi kukamua ng'ombe bila kulaani.

Ijumaa jioni tukaifunga ndege kwenye mjozi. Niliingizwa mimi ndani kusoma saa ya mizunguko, kwa sababu nilikuwa mwepesi na kwa sababu niliwahi kumaliza darasa la mwisho pale kijijini nikiwa wa kwanza kwa hesabu. Baba yenu alikuwa ameniambia: ikiwa imefungwa chini, isipungue mizunguko elfu mbili mia sita kwa dakika, ikipungua, tunarudi kuichonga tena, kuipunguza mbavu. Edmond alikuwa amesimama kwenye bawa, ananichokoza kama kawaida yake. "Shemeji," akasema, "ukinipa rafadha ya kizee, Krismasi sili keki yako." Nikamwambia hata akila, hamna aliyemwalika. Tukawasha.

Mshale ulisimama kwenye elfu mbili mia tatu hamsini. Nikasukuma mkono wa mafuta mpaka mwisho. Elfu mbili mia tatu hamsini. Baba yenu akapiga kelele kutoka nje, "Fernande, ngapi?" Nikatazama vidole vyangu. Nikafikiri: wiki mbili tena za msasa, wiki mbili za vumbi kwenye supu, na hawa watanuna nyumba nzima kwa kukosa Moulins yao. Nikasema, "Elfu mbili mia sita."

Haya. Limetoka. Nipe maji.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na mita mia tatu na themanini. Jumapili kulikuwa na joto la kuyeyusha siagi, na hewa ya joto ni nyepesi, haimshiki mtu. Edmond akajaza tangi mpaka juu, akapunga mkono, akakimbia, akakimbia, akainuka kimo cha ng'ombe, kisha kimo cha nyumba, na mipopla ilikuwa mirefu kuliko nyumba.

Régis, usiondoke. Sijamaliza. Unaweza kunichukia ukiwa umekaa.

Baba yenu hakuniuliza kitu. Aliokota ile saa ya mizunguko kwenye majani, kioo kizima, akaifuta kwa leso, akaiweka mfukoni. Tukaishi miaka arobaini na mitatu tena, tukala pamoja, tukawasomesha ninyi, tukajenga ndege nyingine tatu, na hakuniingiza tena ndani kusoma mshale. Alimwita jirani, alimwita fundi wa posta, siku moja alimwita padri. Sijui alijua au alihisi. Nami nilinyamaza, nikaacha jina la Peyrol liliwe na midomo ya watu, kwa sababu lilikuwa jina la mtu mwingine. Mficha uchi hazai, lakini mimi nilikuwa nimeshazaa ninyi wawili, nikaona naweza kuficha. Hayo ndiyo yalikuwa mawazo yangu, msiyapambe.

Nikafanya nilichoweza, nacho ni kidogo. Majira matatu ya baridi, baba yenu akiwa klabuni, nilichonga rafadha yangu mwenyewe. Iko karakanani, nyuma ya kuni, ndani ya blanketi la kijivu. Ni ya mti wa kawaida, ina kiraka upande mmoja, haina namba kwenye kitovu, na Régis ameshaiona, akauliza kama ni ya kukorogea supu. Hatua yake ni sabini. Haitamshinda mtu yeyote mwendo. Magari yatakupita barabarani, na watoto walio ndani watakupungia. Lakini itakuinua juu ya mipopla ukiwa na tangi limejaa, mwezi wa Julai, na tumbo hilo ulilolipata kwa mke wako.

Usiniambie, "Ikishapaa, mashine itafunguka izunguke, mama." Hayo ndiyo maneno ya Edmond. Usiniambie ni kazi ya mikono ya baba. Ungetaka kumheshimu baba yako, ungetengeneza lile bomba la paa. Na msidhani namwonea wivu marehemu kwa vanishi yake. Alikuwa mchongaji kunishinda mara kumi, na alinishinda katika kila kitu isipokuwa hiki kimoja, kwamba mimi najua kilichotokea na yeye alikisia.

Siwezi kukuamuru. Ndege ni yako, mkaguzi amesaini, na mtu wa umri wako akiamua kuvunja shingo huvunja. Ila nilichokusikia ukifanya leo asubuhi ndicho nilichofanya mimi. Umeona mshale, ukaja na neno.

Mwache aende, Mireille. Mwache. Anatembea hivyo akiwa na aibu, tangu utotoni, visigino kwanza. Andika.

Daftari hili, nikishazikwa, mlipeleke kwa Odette, binti wa Gaston Peyrol, anayeuza jibini sokoni siku ya Alhamisi. Nimenunua jibini kwa mwingine miaka yote hii ili nisitazamane naye. Msomee yote, mbele ya wateja kama akitaka, na asipotaka kusikiliza, msimame hapo mpaka atake. Msimwombe anisamehe. Mwambie tu baba yake aliitengeneza mashine vizuri. Mimi nizikeni upande wa mama yangu, si kwa akina Lucien. Edmond yuko pale, na sitaki kumlazimishia jirani kama mimi. Padri asiseme kwamba nilikuwa mpole. Watu watacheka, na kanisa lina mwangwi.

Fungua dirisha. Lote.

Hiyo ni spana. Unasikia? Anafungua bolti... anafungua, hakazi, ukikaza sauti ni nyingine. Mwambie ni bolti sita, akifunga ile yangu azikaze kwa kupishana, moja hapa, moja ng'ambo yake, na baada ya saa ya kwanza angani ashuke azikaze tena, maana ubao hunywea. Mwambie... ngoja nipate pumzi. Mwambie kwa sauti, yule hasikii kwa upande wa baba yake.

Mungu awape... sijui, macho. Awape macho, na mtu wa kuulizana naye, na mashamba marefu. Awape watoto wanaojibu walichoulizwa. Régis, Mungu akuweke juu ya miti. Mireille, wewe Mungu akupe ulimi wangu, na uutumie mapema kuliko mimi.

Spana imetulia, ameshaifunga ile yangu. Sasa anaisukuma ndege. Ameifunga kwenye mjozi tena. Safari hii asisome mshale peke yake... weka kalamu chini, binti yangu. Nenda wewe ukaingie ndani. Mashine ikifika mwisho, tazama mshale, kisha uje dirishani unitajie namba, vyovyote itakavyokuwa. Nitangoja. Nenda.