Sanduku la Risiti za Seremala

Benchi letu liko mbele ya saluni yangu ya kunyoa, na lina miguu mitatu na tofali moja. Alilitengeneza Seremala, na ni yeye anayeahidi mguu wa nne tangu siku nyingi, ndiyo maana tunamkalisha upande wa tofali. Jumatano hiyo sikuwa na mteja hata wa dawa. Tulikuwa tumechoka ule uchovu wa kutofanya kazi, ambao mimi nauogopa kuliko wa kufanya. Alikuwepo Betri, fundi simu wa mlango wa pili. Alikuwepo Hakimu, ambaye hajawahi kuhukumu mtu ila alifagia mahakama miaka kumi na mmoja, na humo akasikia mengi na kuelewa machache. Na Mama Birika mwenye kahawa. Seremala akatokea na sanduku la bati kichwani, akalitua katikati yetu, na Mama Birika akapanga vikombe juu yake utadhani limeletwa kwa kazi hiyo.

— Unahama? Betri akamuuliza.

— Nimehamishwa. Binti yangu kajifungua, anakuja kukaa kwetu, chumba kinatakiwa. Mama yake kasema leo litoke hili au nitoke mimi.

— Kuna nini humo?

— Risiti. Mbao, misumari, gundi, vanishi. Tangu mashine za risiti zilipoanza sijatupa hata moja. Waliniambia tunza, nikatunza. Na barua imekuja. Jumatatu nakaguliwa.

Akaitoa mfukoni, imekunjwa mara nne. Hakimu akaipokea, akaishika mbali na macho.

— Wanataka mwaka gani?

— Ule wa madawati ya shule, sasa ni miaka mitano na kidogo. Nisipoonyesha kwamba mbao nilinunua, watasema madawati mia mbili yaliota yenyewe na pesa yote ilikuwa faida yangu. Wakishasema hivyo, karakana sina tena.

— Kwani watu wa kodi wanaruhusiwa kurudi nyuma mpaka huko?

— Ndiyo nimekuja kuwauliza nyinyi. Kama muda wao umekwisha, nalichoma leo hii nikalale. Kama haujaisha, nakwenda nalo Jumatatu. Nimechoka kulilinda, jamani.

Hakimu akakohoa kile kikohozi chake cha kufungulia kesi.

— Miaka mitano. Ukiingia wa sita hawakugusi.

— Mitano kuanzia lini? nikauliza.

— Kuanzia siku ulipouza.

— Si kweli, Betri akasema. Kuanzia siku ulipowapelekea hesabu za mwaka. Kuna mteja wangu aliambiwa hivyo dirishani kabisa.

— Dirisha gani?

— Dirisha lao. Na ukipeleka umechelewa, na miaka yao inachelewa.

— Mimi nilichelewa wiki mbili, Seremala akasema. Nilikuwa naumwa mgongo.

— Basi hapo umewaongezea mwaka mzima.

— Wiki mbili zinakuwaje mwaka?

— Waulize wao.

Mama Birika akamjazia Seremala kikombe bila kuombwa.

— Mjomba wangu walimwandikia tumeshamzika, akasema. Ndugu mlipakodi, tunakukumbusha. Mkewe akawajibu kwa barua kwamba amefariki. Wakaandika tena, wanaomba alete mwenyewe cheti cha kifo.

— Maana yake kufa hakusimamishi saa, Hakimu akasema. Nilisikia mahakamani, faili linalala. Likilala halihesabiwi. Siku mtu akilishika, hata akiwa analifuta vumbi tu, limeamka, mnaanza moja.

— Wewe ndiye ulikuwa unafuta vumbi, nikamwambia.

Hakimu akaanza kukunja vidole kimoja kimoja. Nadhani alikuwa anahesabu watu aliowaamshia mafaili.

— Na kuna mtu pale, Betri akaendelea, kazi yake ni kukaa tu. Ana orodha. Anangoja mwezi wa mwisho wa mwaka wa tano, ule ambao mtu ameshaanza kupumua, ndipo anatuma barua. Ukibadilisha namba ya simu, anakuhesabu upya kama mtu aliyezaliwa jana.

— Nimebadilisha mara tatu, Seremala akasema, na sauti yake ilikuwa imeisha kabisa.

Nilimwonea huruma. Huyu ni mtu ambaye akikopa msumari anaurudisha.

Hapo akafika mama mmoja, mpangaji mpya wa nyumba ya nyuma, anatafuta fundi wa kitanda cha mtoto. Tukamwonyesha Seremala. Akasema hana haraka, akakaa, akatusikiliza tukizunguka na miaka yetu kama mara mbili hivi. Kisha akamgeukia Seremala.

— Naomba nione moja, baba.

Tukaondoa vikombe. Ndani mlikuwa safi kuliko saluni yangu. Kila mwezi na kifurushi chake, raba mbili, na kipande cha boksi kilichoandikwa kwa penseli ya useremala. Seremala akachomoa mwezi wa nne, mwaka wa madawati, akampa karatasi ya juu.

Yule mama akaitazama. Akaigeuza, akatazama na nyuma.

— Hii ni ya nini?

Seremala akaichukua, akainyanyulia juani. Akachukua ya pili, na ya tatu. Akampa Hakimu, Hakimu akavaa miwani, akavua, akampa Betri. Ilinifikia nami. Ilikuwa nyeupe, mbele na nyuma.

— Ulikuwa unaziweka wapi? Betri akauliza polepole.

— Juu ya kabati, chini ya bati la paa. Ndiko kukavu. Niliogopa unyevu.

— Karatasi za mashine hizi haziogopi unyevu sana, yule mama akasema. Zinaogopa joto. Maandishi yanaondoka yenyewe.

 Mama Birika akainamisha birika, likatoa masimbi ya kahawa tu. Seremala akazipanga zile karatasi kingo kwa kingo, akazifunga raba zake mbili, akaurudisha mwezi wa nne kati ya wa tatu na wa tano, akafunika sanduku.

— Kinyozi, akaniambia, Jumatatu unafungua saa ngapi? Nataka ninyolewe kabla sijaenda nalo.

Nikamwambia atanikuta nimeshafungua.