Rafu ya Dirishani

Ijumaa, tarehe 28 Juni, saa kumi alasiri, Mama Dirishani atafunga masijala ya chuo chetu kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Katika muda wote huo amepewa onyo moja tu la maandishi. Tutalifikia.

Jina la kwenye barua yake ya ajira analijua mhasibu. Sisi wengine tumemzoea kwa hili, kwa sababu ya kiti chake kinachotazama geti na tabia yake ya kuduwaa. Mchana jua likifika kwenye makabati, vumbi huelea taratibu kana kwamba halina pa kwenda, naye yupo tu, kalamu mkononi, macho nje. Wageni walidhani anasinzia. Kumbe alikuwa anaangalia nani anaingia.

Yeye mwenyewe aliingia geti hilo mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa na miaka ishirini. Mwaka wa pili akaacha masomo kumuuguza mumewe, ambaye hakupona. Mara ya pili, miaka sita baadaye, alikuja na binti yake mdogo mgongoni na viatu vya kuazima kwa dada yake. Utaratibu aliujua: mwanafunzi akikosekana miaka mitatu, faili lake hushushwa stoo, na siku hiyohiyo jina lake hufutwa. Alikuja kuomba aanze upya, ingawa hakujua nguvu za kuanza upya angezitoa wapi.

Karani wa wakati ule, mtu mkavu asiyependa usumbufu, alilitafuta faili stoo, halikuwepo. Akapekua makabati yote. Mwishowe akainama, akalichomoa chini ya mguu mfupi wa meza yake mwenyewe, mahali alipolisokomeza ili meza isiyumbe, akalisahau. Halikuwahi kushushwa. Akalipangusa vumbi, akasema, "Hujafutwa."

Mama Dirishani alilia palepale kaunta. Karani naye alikereka, kwa kuwa meza ilikwisha kummwagia chai.

Akaendelea na mwaka wa pili. Alipokuwa darasani, binti yake alilala nyuma ya kaunta juu ya majalada matupu, na herufi alijifunza kwenye migongo ya mafaili, ndiyo maana alizijua za rafu za chini kabla ya za juu. Asubuhi ya mtihani wa mwisho mtoto aliamka na homa. Mama alitaka kurudi nyumbani. Karani yule mkavu akamchukua mtoto, akatembea naye ukumbini saa tatu nzima akimsomea orodha ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza, maana hadithi hakujua hata moja. Mtoto alilala, mama akafaulu. Mwaka huohuo akaajiriwa masijala.

Tangu hapo, kila faili lililotakiwa kushushwa aliliweka kwenye rafu iliyo chini ya dirisha. Mkaguzi alipouliza, alijibiwa kuwa mafaili hayo yanatumika. Akataka kujua yanatumika kwa kazi gani. Mama Dirishani akasema yanangoja. Hilo ndilo lililoleta onyo, nalo akalihifadhi kwenye rafu ileile.

Wamerudi watu arobaini na watatu, wengi wakiwa na watoto mkononi na maelezo marefu waliyoyakariri njiani. Hakuwaacha wayamalize. Alinyoosha mkono kwenye rafu, akapangusa vumbi.

Wiki hizi za mwisho amekuwa mnyonge. Kuhusu zawadi ya kumuaga, amesema tusisumbuke. Kinachomnyima raha ni mafaili saba yaliyobaki, na nani atakayekalia kiti kile.

Atakayekalia ni mimi ninayeandika haya. Miaka kumi na saba iliyopita nilisimama dirishani pale, mwanangu akinivuta sketi, nimeachwa na mume na nimeacha chuo, nikiwa tayari kufukuzwa. Niliambiwa neno moja, nalijua mpaka sauti yake.

Mama, binti yako atakuja kukuchukua Ijumaa. Ahsante kwa kila ulichotutunzia. Upate asubuhi ndefu zisizo na kengele, na afya ya kuzifaidi. Yale mafaili saba yapo palepale, hayashuki. Nenda kapumzike, geti tunaliangalia.