Elisaria Kileo na Mianzo ya Hadithi Zake

Waombolezaji wenzetu, mimi ni Godbless, mdogo wake marehemu, na haya ninayoyasoma shemeji yangu Matilda ameyapitia mwenyewe, neno kwa neno.

Kaka yetu Elisaria Kileo alizaliwa Machame tarehe 14 Mei 1968, akasoma hukohuko hadi kidato cha nne mwaka 1986, akashuka Dar es Salaam, na mwaka 1994 akafungua duka la nyuzi na vifungo Kariakoo, Mtaa wa Sikukuu, ambako wateja wakipungua aliandika hadithi fupi za gazetini. Tarehe 7 Septemba 1996 alifunga ndoa na Matilda, wakajaliwa Bryson na Caroline.

Mwanzoni mwa mwaka 2014 marehemu akawa anatoweka kila Jumamosi alasiri, akiulizwa anasema anapeleka mzigo, na mzigo wenyewe hauonekani. Shemeji akaingiwa na shaka, akanusa mashati, akapekua mifuko, na tarehe 8 Februari akamfuata hadi Magomeni, akasimama nje ya dirisha la nyumba moja, akamsikia mumewe akisema, "Mke wangu hajui kama niko hapa."

Sauti ya mwanamke ikaitikia, "Ehe?"

Shemeji aliingia bila hodi wala shikamoo, akamkuta Bi Waridi, bibi mshona kofia, mteja wa nyuzi wa siku nyingi, amekaa mkekani na sindano yake, na marehemu ameduwaa na karatasi mkononi.

"Huyu anafuata nini kwako?"

"Ananisomea mianzo ya hadithi, mwanangu. Akianza na mvua na mawingu, nanyamaza, anachana karatasi. Akianza na mtu mwenye jambo lake, nasema 'ehe', anaendelea."

"Na huo wa leo?"

"Huo mzuri. Si umekuingiza mpaka ndani?"

Shemeji hakucheka, wala hakuamini, ila tangu hapo alikwenda naye kila Jumamosi, kwa ulinzi, na ikafika siku naye akasema "ehe" bila kujijua.

Agosti 2024 marehemu alianza kukonda, akasingizia joto, shemeji akakataa, akampeleka hospitali Upanga, ikaonekana ni saratani ya ini, akatibiwa hadi Jumanne tarehe 11 Machi 2025, alipofariki asubuhi akiwa ameshikwa mkono na mkewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, wafanyabiashara wenzake waliofunga maduka leo, na Bi Waridi, aliyekaa pale mbele bega kwa bega na mfiwa. Kama yupo mwingine, wa Magomeni au kwingineko, anayejua habari za marehemu tusizozijua, shemeji anaomba amwone kabla hatujaondoka kwenda Machame.

Kaka Elisaria, pumzika kwa amani, maswali yaliyobaki mkeo atakuja nayo mwenyewe.