Sentensi Kumi Zisizo na Kosa

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni 2006, Mwalimu Josephati Tluway anastaafu baada ya kuitumikia elimu kwa miaka thelathini na minane na nusu. Kati ya hiyo, miaka kumi na mitano ameitumia hapa Karatu, katika ofisi yetu ya Umoja wa Mitihani wa Shule za Nyanda, ambayo hutunga mtihani wa majaribio wa darasa la saba, moko kama watoto wanavyouita, kwa shule ishirini na mbili kuanzia Kansay hadi Malambo na Oloipiri. Kamati ya sherehe imeniagiza mimi, mpiga chapa, niandike wasifu wake, uchekeshe na usizidi kurasa tatu. Kuchekesha nitajaribu. Ila niseme mapema, nisije nikaingiwa na woga nikiwa katikati: humu ndani kuna aya zinazohusu jina la mzee huyu, jina ambalo limechekwa kwa miaka minane bila haki. Namwomba mshereheshaji asiruke hata moja.

Mwalimu Tluway alizaliwa Kansay mwaka 1946. Alianza kufundisha Januari 1968, akiwa na viatu jozi moja na baiskeli ya kuazima. Alifundisha kwao Kansay, kisha akapelekwa Malambo, ambako alikaa miaka sita na kujifunza Kimaasai cha kutosha kununulia mbuzi, ingawa wauzaji wanasema bei hakuwahi kuipatia. Mwaka 1991 Umoja ulimchukua kuwa Mtunzi Mkuu wa mtihani wa Kiswahili. Sehemu aliyoipenda kuliko zote ni ile ya kutafuta kosa: mtoto anapewa sentensi yenye sehemu nne zilizopigiwa mstari, A hadi D, moja kati ya hizo ina kosa la sarufi, naye aitaje.

Wengi hudhani kutunga sentensi mbovu ni kazi rahisi. Mwalimu alikuwa akisema kwamba kosa ambalo hakuna mtoto anayelifanya si swali, ni mzaha. Kwa hiyo alikwenda kuyafuata makosa yalipo. Alikaa nyuma ya madarasa, daftari mapajani, akasikiliza. Mtoto wa Kiiraqw hukosea mahali pake na mtoto wa Kimaasai hukosea pake, na Mwalimu alipima ili mtego usiwanase wa upande mmoja tu. Mtoto akisema "ng'ombe yangu imepotea", mzee aliandika haraka haraka kwa furaha, na mtoto akadhani kapatia.

Ofisini tulimwogopa kidogo, tuseme ukweli. Mwalimu Noel, mwenzake wa Hisabati, aliwahi kumwandikia barua ya kuomba ruhusa ya siku tatu akahudhurie harusi Marangu. Barua ikarudi imechorwa wino mwekundu kila mstari, chini yake alama kumi na moja kwa ishirini, na maneno: Ruhusa imetolewa. Hoteli moja hapa mjini ilimpa soda kwa kuwasahihishia kibao cha mlangoni. Alikunywa soda, akaomba apewe na kile kibao cha zamani.

Sasa nakuja kwenye Mei 1998, na mnisamehe kama hapa chapa itakuwa imeparaganyika.

Kila mtu katika Umoja huu anajua kilichotokea, au anadhani anajua. Moko ya mwaka ule ilikwenda shuleni ikiwa na maswali kumi, la thelathini na moja hadi la arobaini, yaliyowataka watoto watafute kosa, na kosa halikuwemo. Sentensi kumi safi kabisa. Tangu siku hiyo Mwalimu Tluway akapewa jina la Mzee Hakuna Kosa, kuanzia hapa Karatu mpaka Loliondo. Wengine mlilitamka mbele yake. Mimi pia niliwahi kucheka lilipotamkwa, jamani, na mimi ndiye niliyekuwa na haki ndogo kuliko wote ya kucheka, kwa kuwa kosa lile lilikuwa langu.

Nilikuwa nimeajiriwa Machi, nikiwa kwenye kipindi cha majaribio cha miezi sita. Nilikuwa na mtoto wa miaka miwili, Angel, na baba yake alikuwa amekwisha kwenda Nairobi na kusahau njia ya kurudi. Nimelelewa Rombo, chuo cha uhazili nimesoma Moshi, na pale chuoni mwalimu wetu alitufundisha kwamba mpiga chapa mzuri haachii kosa lipite chini ya vidole vyake. Nilikuwa nimekwisha kusahihisha barua za nusu ya walimu wa Umoja, kimya kimya, na hakuna aliyelalamika. Walishukuru.

Jumanne moja niliweka stensili mpya, ile karatasi ya nta ya kudurufia, kwenye mashine nianze swali la thelathini na moja. Maelekezo ya sehemu ile yalikuwa kwenye stensili ya jana yake, na kichwa changu kilikuwa nyumbani kwa Angel aliyekuwa na homa. Nikaona rasimu ya mzee: "Mama amepika viazi nyingi." Nikajisemea, maskini mzee wa watu, Kiswahili chake ndicho hicho cha Kansay, ngoja nimsitiri. Nikapiga "vingi". Inayofuata, "Maziwa yale imeganda." Nikapiga "yameganda". Mistari na herufi za chini nilidhani ni za kuuliza aina za maneno. Nikazinyoosha zote kumi, na nikajisikia mtu mwema.

Utaratibu wetu mnaujua. Mtunzi husoma stensili, hutia sahihi, kisha yeye na mpiga chapa huichoma rasimu pamoja kwenye shimo la nyuma ya ofisi ili mtihani usivuje. Mwaka ule mvua za El Nino zilikuwa zimekula barabara, na gari la Malambo ilibidi liondoke Alhamisi ili bahasha zifike kabla ya Jumatatu. Jumatano mchana dereva alikuwa anapiga honi uani wakati mashine ya kudurufu inangojewa. Mwalimu alisoma kurasa tatu za kwanza kwa makini yake yote, akatia sahihi ya nne bila kuisoma. Tukachoma rasimu. Nakumbuka alinishukuru kwa kazi safi.

Jumatatu tarehe 18 saa tano asubuhi, simu ya upepo ya misheni ikaleta ujumbe kutoka kwa Mwalimu Koinet wa Malambo. Aliuliza kama kuna marekebisho ya swali la thelathini na moja kuendelea, kwa sababu watoto wake wanalia. Nilikuwa nimekwisha kuanza kupiga chapa mwongozo wa kusahihishia. Nikaangalia jibu la thelathini na moja: D. Nikaangalia karatasi ya mtihani kwenye D. Pameandikwa "vingi". Loh! Nikashika meza, nikaangalia la pili, la tatu, mpaka la kumi, na kila mahali nikayakuta masahihisho yangu mwenyewe.

Nikaenda mezani kwa Mwalimu. Nilimwekea karatasi mbili mbele yake na kidole changu juu. Alisoma. Alivua miwani. Hakugomba, na bora angegomba. Aliniuliza tu kama rasimu tuliichoma, nikasema ndiyo, akasema basi.

Kilichomuumiza mzee si alama. Karatasi ziliporudi alizikagua zote, za shule ishirini na mbili. Karibu kila mtoto alikuwa ameandika kitu. Waliambiwa kuna kosa, wakaamini, wakaichukua sentensi iliyo sawa wakaivunja ili wamridhishe mtahini. Mtoto anayejua kwamba viazi ni vingi aliandika viazi ni nyingi. Mwalimu alisema tumewafundisha watoto watilie shaka kile wanachokijua, na hiyo dhambi haina wino wa kuifuta. Kwenye lundo lote ni binti mmoja wa Oloipiri, Nashilu, aliyeandika mara kumi, kwa mwandiko uleule mdogo, kwamba hapa hakuna kosa. Maswali yale yalifutwa na kamati, lakini mzee alimpa kumi kwa kumi hivyo hivyo, akarudisha karatasi kwa mkono wake.

Kamati ya Mitihani ikaketi Ijumaa ya wiki iliyofuata. Mwenyekiti wetu, Bwana Elibariki, alitaka jina la aliyekosea, na alikuwa na haki ya kulitaka. Mimi nilikuwa kwenye benchi la nje, barua yangu ya majaribio ndani ya mkoba, nikihesabu mara ngapi naweza kurudi kwa mama Rombo na mtoto mgongoni bila kuulizwa. Rasimu ilikuwa majivu. Watu wawili tu duniani walijua ilikuwa na nini, na mmoja wao alikuwa anaulizwa mle ndani. Mlango wa mbao ule hauzuii sauti. Nilimsikia akisema kwamba sahihi iliyoko kwenye ukurasa wa nne ni yake, na kwamba aliitia bila kusoma. Akaulizwa kama ana la kuongeza. Akasema hana.

Hakudanganya, angalieni. Kila neno lilikuwa kweli. Ila aliiacha nusu ya kweli ndani ya koo lake, na nusu hiyo ilikuwa mimi.

Walimvua utunzi siku hiyohiyo, wakampa stoo ya vitabu. Alipotoka nilimfuata mpaka kwenye ngazi, nikamwambia narudi ndani kusema. Akanizuia kwa mkono. Alisema, "Mama Angel, mimi nina shamba Kansay na ng'ombe wanne, wewe una mtoto na barua ya majaribio. Nyamaza, binti yangu." Nikanyamaza.

Septemba nikathibitishwa kazini. Hapo ningeweza kusema, na huu ndio ukweli ninaouogopa zaidi ya ule wa kwanza. Mwaka wa kwanza nilinyamaza kwa woga, wa pili nikaona aibu ya kuchelewa, wa tatu nikazoea. Mzee alipita mbele ya meza yangu kila asubuhi akielekea stoo, akinisalimu na kumuulizia Angel, na mimi nikimwamkia shikamoo kama mtu asiye na deni. Wageni walipomwita kwa lile jina la mzaha, aliitikia. Moko nane zimetungwa tangu hapo, na mtu aliyejua makosa ya watoto wa nyanda hizi kuliko yeyote hakuulizwa hata sentensi moja.

Nisije nikamaliza bila kusema alichokifanya stooni, maana hakukaa bure. Alikuta vitabu vimeliwa na mchwa, ameacha maktaba ndogo yenye vitabu elfu moja na mia mbili, na masanduku manne ya mbao yanayozunguka kwa zamu Malambo, Oloipiri na Kansay. Walimu wapya humwendea kwa mlango wa nyuma kuuliza maswali ya sarufi. Huwajibu, kisha huwaomba wasimtaje.

Jana, Jumatano, nilikwenda kwa Bwana Elibariki nikampa barua ya kurasa mbili. Nimeeleza yote, na nimeomba iwekwe kwenye faili la Mwalimu kabla halijafungwa Ijumaa. Aliisoma akiwa amesimama. Akaniambia suala la mzee litatazamwa leo, na suala langu litatazamwa Jumatatu, na uso wake haukunipa dalili ya lolote. Sijui kama Jumatatu nitakuwa na meza. Angel ana miaka kumi sasa, nimemweleza, akaniuliza kwa nini nimechelewa hivyo.

Mwalimu Tluway, najua utakuwa umekaa meza kuu ukisikia haya na umekasirika, kwa kuwa uliniambia ninyamaze na leo nimekuasi mbele ya watu. Nisamehe. Kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Umoja, ahsante kwa miaka yote, ya utunzi na ya stoo. Mungu akupe siha, mvua ya wakati wake Kansay, na usingizi wa mtu aliyemaliza kazi. Uishi vema, mwalimu wangu. Na ninyi wengine mliopo hapo uwanjani, mkiinuka kumpigia makofi, jueni kwamba mtunzi wa moko ya 1998 aliitunga vizuri. Aliyeiharibu ni mimi.

Bertha Shirima,
Mpiga chapa