Bi Nuhad Ghusn, Mlinzi wa Mishororo Yetu

Baada ya miaka ishirini na saba ya kazi katika Shule ya Ain al-Joz, Bi Nuhad Ghusn anastaafu tarehe 30 Juni. Wengi wetu wanafunzi tunamwita Mama Rabii, kwa jina la mwanawe wa kwanza, na ndivyo tutakavyomwita hapa.

Aliajiriwa kuwa mpiga chapa wa ofisi. Shule ilipopata kompyuta, yeye ndiye aliyekubali kuzisomea, na tangu hapo tovuti yetu imekuwa mikononi mwake. Umeme ukikatika katikati ya kazi, hubandika birika la kahawa kwenye jiko la gesi na kusema, "Jenereta ichoke yenyewe, sisi bado." Amewafundisha watu wengi wa mji huu kutuma barua pepe, akiwamo kasisi, ambaye hadi leo akishatuma humpigia simu kuuliza kama imefika.

Lakini tutamkumbuka zaidi kwa ajili ya mashindano ya zajali. Kila majira ya kuchipua wanafunzi huketi kwenye meza mbili na kujibizana kwa mashairi, na waitikiaji wenye matari hurudia mshororo wa mwisho wa kila ubeti. Mwaka 2012, kwa mara ya kwanza, mashairi yalitumwa kupitia tovuti, na waitikiaji wakapewa nakala zilizochapishwa kutoka huko.

Mshairi mdogo kuliko wote alikuwa Rudayna Azzam wa darasa la saba. Alikuwa ameandika kila mshororo kwenye mstari wake, lakini ukurasa wa tovuti uliikusanya yote ikawa fungu moja. Alimaliza ubeti wa kwanza, akawageukia waitikiaji. Nao walikodolea macho karatasi, wasijue mshororo wa mwisho unaanzia wapi.

"Binti, umetuletea shairi au barua ya wakili?" mzee mmoja aliyeichungulia karatasi alipaza sauti.

Ukumbi mzima ulicheka. Rudayna aliondoka mezani akilia, na Mama Rabii akamfuata uani.

"Usilie, roho yangu. Shairi lako ni zima. Ukurasa wangu ndio uliolikanyaga."

"Basi watengenezee wengine," Rudayna alijibu. "Mimi situngi tena."

Mama Rabii hakuchukua jibu hilo kuwa la mwisho. Kwanza alichomeka alama za kushuka mstari ndani ya mashairi yenyewe, kisha akauamuru ukurasa nao uziweke. Kila mshororo ukashushwa mara mbili, ukaacha mstari mtupu katikati. Alimwita Rudayna aje kuona.

"Mama Rabii! Umeniachanisha kama meno ya bibi yangu!"

Walicheka mpaka kahawa ikapoa. Hapo Mama Rabii aliamua kwamba maandishi ya mtu hayaguswi. Alizifuta alama zote, akayahifadhi mashairi kama yalivyotumwa, akauagiza ukurasa ushuke mstari pale tu mtunzi aliposhuka. Halafu akamwomba Rudayna amjaribie.

Rudayna alikaa siku kadhaa bila kutuma kitu. Mwishowe ulifika ubeti mmoja, wa kumtania Mama Rabii kwa kahawa yake chungu, na kila mshororo ulikaa mahali pake. Mama Rabii aliubandika mlangoni mwa ofisi ili kila mtu ausome.

Majira ya kuchipua yaliyofuata, Rudayna alirudi mezani. Alipomaliza ubeti wake wa kwanza, waitikiaji waliupokea mshororo wa mwisho bila kusita, na mzee yule wa barua ya wakili akaomba urudiwe.

Leo Bi Rudayna ndiye mwalimu wetu wa zajali. Mwaka huu hata wasichana wa darasa letu waliokuwa wakiiogopa meza ile wametuma mashairi yao.

Mama Rabii, asante kwa kutuachia maneno yetu jinsi tulivyoyaandika. Mungu akupe afya, furaha ya wajukuu na miaka mingi ya raha. Tutakukaribisha ukumbini kila mwaka, na sasa utaketi mbele, usikilize tu.