Mtu wa Kangema

Benchi la nje ya duka la Manorama, barabara ya chini mjini Nyeri, lina nafasi ya watu wanne, na kwa miaka mingi wanne hao walijulikana. Jumatatu hiyo nafasi ya ukutani ilikuwa wazi na hakuna aliyethubutu kuisogelea. Mwenyewe walikuwa wamemzika Jumamosi: Kingori muuza mchele, waliyemwita Mwea kwa sababu aliapa kila gunia lake limetoka Mwea, hata lilipotoka kwingine kabisa. Asubuhi ilikuwa ya baridi ile ya Julai, mlima umemezwa na ukungu, na Watiri, anayeuza kahawa hapo na stendi, ameshatua birika lake la kahawa ya tangawizi. Waliobaki walikuwa watatu. Profesa, karani mstaafu wa kiwanda cha kahawa, anayejua kila kitu kwa sababu redio yake haizimwi. Kamishna, dalali wa mashamba, aliyepewa jina hilo kwa kupenda kukata mambo kabla hayajasikizwa. Na Gatimu, fundi cherehani, ambaye mashine yake ilikuwa hapo hapo barazani.

Gatimu hakuwa na hamu ya maneno. Wiki iliyopita, akivua soksi jioni, alikuta pini ya kushikia kitambaa imezama yote kwenye unyayo wa kulia. Hakujua iliingia lini. Aliing'oa kwa koleo, akapaka dawa ya ng'ombe iliyokuwepo, akanyamaza. Tangu jana soksi ilikuwa ikinata.

— Ni sindano ilimmaliza, alianza Kamishna kabla kikombe hakijapoa. Mwea alikuwa anatembea. Wakamwambia ati tembe zimeshindwa na sukari, sasa ni kujidunga. Ona sasa.

— Alikuwa amekatwa mguu, Kamishna, alisema Watiri.

— Mguu haiwezi ua mtu! Si mjomba wako hana mguu na analima viazi?

— Huyo alikatwa na mashine ya kukata nyasi.

— Mguu ni mguu.

Profesa aliishusha redio sauti, na hiyo ilikuwa ishara kwamba darasa limefunguliwa.

— Wacha niwaeleze vile inafanya. Mwili ikiona sindano inaletewa kazi yake, inaketi chini. Ni kama umeandika kibarua shambani, wewe mwenyewe unarudi kulala. Siku kibarua hajakuja, shamba imekwisha.

— Na Manorama? aliuliza Watiri. Si huyo anajidunga tangu mimi nikiwa msichana, na ako hapo ndani anapima vitambaa?

— Manorama ni Mhindi. Tumbo yake imezoea pilipili. Hiyo dawa ikiingia inapatana na pilipili, inapoa. Yetu imezoea nini? Githeri na viazi. Haina ulinzi.

— Hiyo ni kweli kabisa, alisema Kamishna, ambaye hakuwa amewahi kuisikia.

Gatimu aliangalia kikombe chake. Yeye na Kingori walikuwa wagonjwa wa kliniki moja, na benchi hili ndilo lililowalea katika ugonjwa huo. Hapa ndipo walipofundishwa kuosha damu. Kliniki ikikaribia, mtu anaacha mchele, anaacha chapati, anakula mboga ya managu na maji mpaka macho yanaingia ndani. Siku yenyewe anakwenda na tumbo tupu, anachomwa kidole, nambari inatoka safi, daktari anatabasamu. Kisha wanarudi benchi, Watiri anatia sukari vijiko vinne, na wote wanacheka kwa vile wamemshinda daktari. Kingori ndiye aliyekuwa bingwa. Kadi yake ya kliniki ilipendeza kuliko ya mtu yeyote, na watu waliitazama kwa wivu. Gatimu alipoikumbuka sasa, moyo ulimuuma kweli kweli, maana alijua mwenye kadi hiyo alizikwa na mguu mmoja.

— Na ile kipimo ya miezi tatu? aliendelea Kamishna. Hiyo ndio ilimharibia. Tone moja ya damu, wanakuambia vile umekula tangu Aprili. Sasa damu iko na macho?

— Si damu inasema, alijibu Profesa kwa utulivu wa mwenye siri. Wako na mtu kwako nyumbani. Bibi ama mtoto. Anapigiwa simu.

— Ati nini?

— Wewe fikiria. Watajuaje?

— Profesa, mimi naishi na paka, alisema Watiri.

— Basi angalia hiyo paka.

Walicheka kidogo, kisha wakaona ile nafasi ya ukutani, kicheko kikakatika. Kamishna alisonya.

— Tulimwambia. Si tulimwambia? Tukamwambia ya yule mtu wa Kangema.

— Huyo! Profesa alitikisa kichwa. Alidungwa Jumanne. Ijumaa ako mochari.

— Na alikuwa mtu ya nguvu. Anabeba gunia mbili za majani chai mara moja.

— Mbili? Mimi nilisikia tatu.

Gatimu alimjua mtu huyo wa Kangema kuliko alivyowajua baadhi ya jamaa zake. Mwezi uliopita, muuguzi alipomwekea boksi la insulini mkononi na kumwonyesha pa kudunga, hakusikia hata neno. Alimwona mtu wa Kangema na magunia yake, Jumanne anatembea, Ijumaa amefunikwa shuka. Alilibeba boksi nyumbani, akalitia ndani ya chungu cha udongo chini ya kitanda, likae baridi, kama alivyoagizwa. Mtu anayeshika sindano mchana kutwa, akishona suruali za watu, alikuwa anaogopa moja isiyofika urefu wa kucha. Aliona aibu, na aibu hiyo ikamzidishia kimya.

Hapo ndipo msichana mwenye kitambaa cheusi kichwani alipopanda ngazi za baraza. Alikuwa Nduta, binti wa Kingori, yule aliyemuuguza.

— Wazee, mmeamkaje.

— Tumeamka, Nduta. Pole sana, mama, walijibu kwa pamoja, na Kamishna akavua kofia.

— Nimekuja kuchukua dawa ya Baba. Mama Manorama alikuwa anamwekea kwa friji ya soda.

Aliingia, akatoka na mfuko wa karatasi, Manorama nyuma yake akiburuta kandambili, futi ya kupimia bado shingoni. Nduta alikaa pale pale, kwenye nafasi ya baba yake, akafungua mfuko mapajani. Alitoa boksi moja, akaligeuza, akatoa la pili. Mihuri yote ilikuwa mizima.

— Hajafungua hata moja, alisema.

— Mimi naambia yeye kila siku, alisema Manorama. Kingori, dawa yako iko baridi, chukua. Yeye nasema kesho, Mama. Kila siku kesho.

Profesa alifungua mdomo.

— Sasa kama hakujidunga...

Kamishna alianza kukagua kofia yake kana kwamba ameiokota.

— Nililia mbele yake, Nduta alisema. Nikapiga magoti, mimi mtu mzima. Akaniambia kuna mtu wa Kangema alidungwa Jumanne, akakufa Ijumaa. Hata siku ya kukatwa mguu, wako karibu kumwingiza ndani, bado ananiambia ya huyo mtu. Usiku silali, namfikiria. Nyinyi ndio mlimjua. Nataka tu mniambie, aliitwa nani?

Hakuuliza kwa hasira. Ingekuwa hasira, wangepata pa kushika.

— Profesa? alisema Watiri.

— Mimi niliambiwa na Kamishna.

— Mimi? Wewe ndio ulitoa kwa redio!

— Redio haijawahi kusema Kangema. Uliza Watiri, hao wateja wake wa stendi...

— Msinitupie mimi, alisema Watiri. Mimi niliwasikia nyinyi hapa hapa, nikimimina kahawa. Nikawaambia wa stendi.

Walimgeukia Gatimu, wa mwisho. Aliwatazama mmoja mmoja. Miaka yote hiyo alimwogopa mtu ambaye hakuwa na jina, wala kaburi, wala mjane. Kingori alikuwa na vyote vitatu.

Nduta alikuwa anarudisha maboksi kwenye mfuko. Gatimu akainama, akafungua kamba za kiatu cha kulia. Kiatu kilitoka kwa shida. Soksi aliivuta polepole, na ilipoachana na nyama, harufu ilipanda barazani, Kamishna akasimama bila kutaka. Unyayo ulikuwa mweusi kuzunguka tundu, na wekundu umeshapita kifundo.

Nduta aliteleza kutoka kwenye benchi akapiga magoti sakafuni. Alivyoushika huo mguu ilionekana amezoea.

— Ulikanyaga nini?

— Pini.

— Lini?

— Sijui.

— Walikupa sindano?

— Iko kwangu, kwa chungu. Bado sijafungua.

Nduta alimwita mtu wa bodaboda aliyekuwa ng'ambo ya barabara, mara mbili, kwa sauti kubwa.

Watiri alitaka kumpa Gatimu kahawa, apate kitu cha kushika. Aliinamisha birika, likatoa matone na mashapo, basi.

— Inauma? aliuliza.

— Haiumi, alijibu Gatimu haraka, akitaka kuwatuliza wote. Kweli naapa. Haiumi hata kidogo.

Nduta hakuinua kichwa.

— Hata mguu ya Baba haikuuma.